Maji ya Kilima na Maji ya Ziwa: Chemchemi za Kampala katika Mipango ya Miaka Mia Moja

Chini ya chumba ninachopanga, upande wa Kikoni wa kilima cha Makerere, kuna chemchemi ambayo sijawahi kuiona katika ramani yoyote ya mji. Ina ukuta wa zege uliopasuka mahali pamoja, mabomba mawili mafupi ya chuma, na ngazi saba zilizolika katikati kwa nyayo za watu. Wenyeji huiita oluzzi, yaani kisima, ingawa hakuna kamba wala ndoo. Maji hutoka yenyewe mchana na usiku, na yasiyokingwa hutiririka hadi mferejini. Nilikaa karibu nayo mwaka mzima bila kuijali. Nyumba yetu ina bomba uani, na mimi nilijihesabu mtu wa bomba.

Katika mwaka wangu wa pili wa masomo bomba lile lilikauka siku nne mfululizo. Siku ya kwanza tulinunua maji kwa wachuuzi wa baiskeli. Siku ya pili bei ya jerikeni ilikuwa imepanda mara tatu. Siku ya tatu nikachukua jerikeni yangu ya manjano ya lita 20 nikashuka bondeni. Mbele yangu katika foleni alisimama mchuuzi mmoja kutoka Kongo aliyekuwa na jerikeni sita, nyuma yangu watoto wawili wenye sare za shule, na pembeni, akifagia ngazi kwa ufagio wa njiti, alikuwepo mama mmoja mzee ambaye kila mtu alimwita Jjajja. Nilipomwamkia na kumweleza kwamba bomba letu limekauka, alinijibu kwa Kiganda bila kuacha kufagia: "Najua, mwanangu. Ninyi nawaona bomba likikauka." Hakusema kwa kejeli. Alikuwa anaeleza tu jinsi siku zake zinavyokwenda.

Wiki tatu baadaye mwenzangu wa chumbani alilazwa kwa homa ya matumbo. Sote wawili tulisema neno moja: chemchemi. Nilikuwa na hakika kwamba sababu ni vyoo vya shimo vilivyotapakaa mteremkoni juu yake, na kwamba dawa yake ni kuifunga na kuwaletea watu wote maji ya ziwa. Insha hii ilianza kama jaribio la kuithibitisha hakika hiyo kwa njia ya historia. Imeishia mahali pengine.

Lazima nianze na ardhi yenyewe, kwa sababu bila ardhi historia ya maji ya Kampala haieleweki. Vilima vya mji huu vina vichwa bapa vilivyofunikwa na tabaka la mawe mekundu yenye chuma, yale tunayoyaona yakichimbwa kwa ajili ya barabara. Chini ya tabaka hilo kuna udongo mnene uliotokana na miamba ya kale iliyooza pale pale ilipo kwa mamilioni ya miaka, na chini zaidi kuna mwamba mgumu wenye nyufa. Mvua hapa hunyesha katika misimu miwili, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba au Desemba, na kwa mwaka hupita milimita 1,200. Sehemu ya mvua hiyo huzama kilimani, hushuka polepole ndani ya udongo ule uliooza, na hujitokeza chini ya mteremko, pale kilima kinapokutana na bonde. Ndiyo maana chemchemi za Kampala zimezunguka miguu ya vilima kama shanga: Mulago, Makerere, Rubaga, Mengo, Namirembe, Kololo. Bondeni kwenyewe maji ya ardhini yako karibu sana na uso. Katika Bwaise ukichimba chini ya mita moja na nusu umeyafikia, na ndiyo sababu vyoo vya huko hujengwa juu ya ardhi na mtu huvipanda kwa ngazi. Wageni hucheka. Mwenyeji anajua kwamba shimo lingejaa kabla ya kutumika.

Kwa hiyo mji ulizaliwa juu ya maji yake. Makao makuu ya wafalme wa Buganda yalihamahama kutoka kilima hadi kilima, na kila kilima kilikuwa na visima vyake. Kisima hakikuwa mali ya mtu mmoja. Kilikuwa cha kijiji, na mara nyingi kilikuwa na musambwa wake, roho ya mahali hapo ambayo haikupenda uchafu wala ugomvi. Usafi wake ulikuwa kazi ya wote kwa utaratibu wa bulungi bwansi, ule ule uliotumika kutengeneza barabara: siku ikitangazwa, kila nyumba hutoa mtu na jembe. Wanahistoria wengine huupamba utaratibu huu mno. Ulikuwa na amri ndani yake, na asiyefika aliadhibiwa. Hata hivyo ulikuwa na jambo moja ambalo mipango iliyofuata haikuwa nalo, nalo ni kwamba kila kisima kilikuwa na watu wanaojulikana wenye wajibu juu yake.

Amri ilipozidi kipimo, watu waliasi. Katika miaka ya 1880 Kabaka Mwanga wa Pili aliamuru lichimbwe ziwa karibu na ikulu yake ya Mengo, akikusudia kuliunganisha na Nnalubaale, ziwa ambalo Waingereza waliliita Victoria. Aliwalazimisha hata machifu kuingia topeni na kuchimba, na waliokosa walitozwa faini. Mfereji haukufika ziwani, na mwaka 1888 Mwanga alipinduliwa kwa mara ya kwanza. Sababu za uasi ule zilikuwa nyingi, dini na siasa zikiwa mbele, lakini kazi ya ziwa ilikuwa mojawapo ya manung'uniko. Ziwa la Kabaka bado lipo, Ndeeba na Rubaga zikilitazama. Ninalitaja kwa sababu mbili. Kwanza, ni mpango mkubwa wa kwanza wa maji katika mji huu, na ulikuwa mpango wa kulifuata ziwa. Pili, katika miaka hiyo hiyo pwani kulikuwa na mfalme mwingine aliyefanya kinyume chake. Sayyid Barghash wa Zanzibar, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alijenga mfereji na mabomba ya kuleta maji ya chemchemi kutoka kaskazini mwa mji hadi Mji Mkongwe. Zanzibar iliichukua chemchemi ikaifanya msingi wa mji, na mpaka leo mji ule unaishi kwa maji ya ardhini. Kampala ilikuwa na chemchemi nyingi, na bado jicho la watawala lilikuwa ziwani.

Lugard alipiga kambi juu ya kilima cha Kampala Kongwe mnamo Desemba 1890. Miaka kumi baadaye Mkataba wa Buganda wa 1900 uligawa ardhi kwa maili za mraba, ikawa mali ya Kabaka, familia yake, machifu na watu wakubwa, na ndipo neno mailo lilipoingia katika lugha yetu. Wanafunzi wa historia huusoma mkataba huu kwa upande wa siasa na kodi. Mimi naomba tuusome pia kwa upande wa kisima. Ardhi ilipimwa na kupewa mwenye hati, na kisima kilichokuwa cha kijiji kikajikuta ndani ya shamba la mtu. Hakuna aliyezuia watu kuchota siku ya pili yake, wala mwaka wa pili. Lakini tangu hapo haki ya kuchota ikawa hisani, na hisani hudumu mpaka ardhi ipande bei.

Pia miji ikawa miwili. Upande mmoja palikuwa na mji wa Waingereza na Wahindi kuzunguka Nakasero na Kampala Kongwe, na upande wa pili Kibuga cha Kabaka kuzunguka Mengo. Kila mmoja ulikuwa na utawala wake. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alizunguka Afrika Mashariki akishauri namna ya kupanga miji kwa ajili ya afya, na ushauri wake ulisimama juu ya kutenga makazi kwa rangi. Mabonde yenye maji yalionekana kwa jicho la malaria: ni mahali pa kukausha, si mahali pa kunywa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ulianza kujengwa mtambo wa kusafisha maji huko Ggaba, kandokando ya ziwa, kusini-mashariki mwa mji. Maji yalisukumwa kwa pampu hadi kwenye matangi juu ya kilima cha Muyenga, ambacho madereva wa boda boda mpaka leo wanakiita kwa jina la matangi hayo, kisha yakashuka kwa mvuto hadi Nakasero na Kololo. Kibuga kilibaki na chemchemi zake. Hapa kuna kichekesho kidogo cha kidiplomasia. Katika mwaka wa 1929, Uingereza ilikubaliana na Misri kwamba bila ridhaa ya Misri hapatajengwa, katika nchi zilizo chini ya Uingereza, kazi yoyote kwenye Nile na maziwa yake itakayopunguza maji yanayofika Misri. Ndoo za Kampala hazikumtisha mtu yeyote Kairo, lakini inafaa kukumbuka kwamba ziwa lile lilikuwa na wenyewe wengi hata kabla bomba la kwanza halijazeeka.

Mpaka wa miji miwili ulifutwa mwaka 1968, Mengo na vitongoji vingine vilipoingizwa ndani ya jiji la Kampala. Sensa ya mwaka uliofuata ilihesabu watu wapatao 330,000. Kwa siku moja jiji lilirithi makumi ya maelfu ya watu wasio na bomba. Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin iliunda Shirika la Taifa la Maji na Majitaka, kazi yake ikianza na Kampala, Jinja na Entebbe. Wakati wake haukuwa mzuri. Wahandisi waliondoka, vipuri vilikosekana, vita vya 1979 vikapita, na vya miaka ya 1980 vikafuata. Jjajja wa chemchemi yetu anaikumbuka miaka hiyo kwa foleni. Anasema hata watu wa Makerere, walimu kwa wanafunzi, walishuka na madebe.

Kuna kitabu kimoja kinachotusaidia kupima kilichopotea. Kati ya 1966 na 1968 Gilbert White, David Bradley na Anne White walikwenda katika nyumba za Kenya, Uganda na Tanzania wakipima maji ambayo watu huyachota na kuyatumia. Bradley wakati huo alikuwa Makerere. Matokeo yalichapishwa mwaka 1972. Miaka thelathini baadaye watafiti wengine walirudi katika maeneo yale yale. Walikuta kwamba watu wenye bomba, waliokuwa wakitumia wastani wa lita 128 kwa mtu kwa siku, sasa walitumia karibu nusu yake. Wasio na bomba walikuwa wamepanda kutoka kama lita 11 hadi karibu 20, lakini muda wa kuchota ulikuwa umeongezeka zaidi ya mara tatu, kutoka chini ya nusu saa kwa siku hadi saa moja na nusu. Hizi ni takwimu za nchi zote tatu, si za Kampala peke yake, kwa hiyo nisizibebeshe zaidi ya uzito wake. Zinatosha kuonyesha kwamba hadithi ya bomba kuchukua nafasi ya kisima, hatua kwa hatua, mwaka hadi mwaka, haikutokea hivyo.

Baada ya 1986 ukarabati ulianza kwa mikopo ya Benki ya Dunia na misaada ya Ulaya. Mtambo wa pili wa Ggaba ulifunguliwa mwaka 1992, na wa tatu mwaka 2007. Shirika lenyewe lilibadilika sana tangu 1998 chini ya William Muhairwe, na mageuzi yale yamekuwa somo katika vyuo vingi vya usimamizi duniani. Siwezi kuyadharau. Bomba lililo uani petu ni tunda lake. Lakini mitambo yote mitatu inavuta maji katika ghuba moja, Ghuba ya Murchison, na ghuba hiyo ndiyo mji unakomwagia maji yake machafu. Mfereji wa Nakivubo unapita katikati ya jiji, unachukua maji ya mvua, majitaka ya Bugolobi na kila kitu kinachotupwa Owino na Katwe, kisha unaingia katika kinamasi cha Nakivubo kabla ya kufika ziwani. Mafunjo ya kinamasi kile yalifanya kazi ya kuchuja bila mshahara. Mwaka 1999 Lucy Emerton na wenzake walijaribu kuipa kazi hiyo bei, wakakuta kwamba kinamasi kina thamani ya zaidi ya dola milioni moja kwa mwaka. Tangu hapo viwanda, nyumba na mashamba ya magimbi vimeendelea kukimega kila upande. Chini ya watu kumi katika mia mjini humu wameunganishwa na bomba la majitaka. Wengine wote tunategemea shimo.

Ziwa nalo halitulii. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 lilipanda zaidi ya mita mbili. Kati ya 2004 na 2006 lilishuka vibaya, kwa ukame na kwa sababu mabwawa ya Jinja yaliachia maji mengi kuliko yalivyoruhusiwa na kanuni ya zamani iliyofuatwa tangu bwawa la Owen Falls lifunguliwe 1954. Mnamo Mei 2020 likapanda tena likavunja rekodi ya 1964, na soko la samaki la Ggaba likaingiwa na maji. Katikati ya misukosuko hiyo uamuzi ukafanywa wa kuhama ghuba. Mtambo mpya ulijengwa Katosi, wilaya ya Mukono, mashariki mwa jiji, uwezo wake ukiwa mita za ujazo 160,000 kwa siku, na bomba kubwa likaletwa hadi matangi ya Naguru. Fedha zilitoka Ufaransa, Ujerumani na Umoja wa Ulaya, nyingi zikiwa mikopo.

Hili si geni. Mwaka 1852 bunge la Uingereza liliamuru makampuni ya maji ya London yaache kuchota Thames katikati ya mji na yahamie juu ya Teddington, mahali ambapo maji ya bahari kujaa hayafiki. London ilikuwa imeuchafua mto mpaka ikabidi iukimbie. Tofauti ni kwamba miaka michache baadaye walijenga pia mabomba makubwa ya majitaka. Kampala imehamia Teddington yake kabla ya kumaliza sehemu ya pili ya kazi. Mtambo wa Lubigi uliofunguliwa 2014 kwa ajili ya kinyesi kinachonyonywa vyooni ni hatua, na ule mpya wa Bugolobi ni hatua nyingine. Lakini katika mipango hii yote niliyoipitia, kuanzia Ggaba ya kwanza hadi Katosi, maji ya kilima hutajwa kama kitu cha muda, kitu ambacho watu watakiacha bomba likifika. Muda huo sasa una miaka karibu mia.

Nirudi kwa mwenzangu na homa yake, kwa sababu hapo ndipo nilipolazimika kubadili mawazo. Desemba 1997, katika mvua kubwa za El Niño, kipindupindu kiliingia Kampala na kuwapata watu zaidi ya 6,000 kabla ya kutulia mwaka uliofuata. Chemchemi zikashukiwa. Guy Howard na wenzake, akiwemo Mai Nalubega wa Makerere, walizifuatilia chemchemi zilizojengewa ukuta katika mitaa ya Kampala, wakipima vijidudu vya kinyesi na kukagua hali ya kila moja, mvua ikiwepo na isipokuwepo. Nilipoanza kusoma makala yao ya 2003 nilitegemea kukuta vyoo vyangu vya shimo. Walichokuta ni kwamba uchafu ulipanda haraka sana baada ya mvua, haraka kuliko kinyesi kinavyoweza kusafiri ndani ya udongo kutoka chooni. Ulitoka juu ya ardhi na karibu: kinyesi na taka zilizotupwa nyuma ya chemchemi, mfereji wa kukingia maji ya mvua ulioziba, changarawe za nyuma ya ukuta zilizokuwa wazi kwa mmomonyoko, ukuta uliopasuka. Kwa maneno mengine, kisima kilichafuka pale kilipokosa mtu wa kukitunza.

Niliposoma hayo niliukumbuka ule ufa katika ukuta wetu, na nikamkumbuka Jjajja na ufagio wake wa njiti. Sikujisikia vizuri.

Hata hivyo vyoo havijasamehewa. Naitreti katika chemchemi za mitaa yenye watu wengi ziko juu, na hizo haziletwi na mvua ya jana. Ni alama ya kinyesi cha miaka mingi kinachoshuka ndani ya ardhi, na hakuna ufagio unaoweza kuziondoa. Utafiti wa Robinah Kulabako huko Bwaise ya Tatu ulikuta maji ya ardhini yamechafuka kwa kiasi kikubwa kutoka pande zote: vyoo, taka, mifugo, maji ya kufulia. Bwaise ni bonde, na maji yake yako chini ya nyayo. Nadhani kosa langu la kwanza, na pengine kosa la mipango mingi, lilikuwa kulifanya suala hili kuwa moja. Chemchemi iliyo mguuni mwa kilima yenye udongo mnene juu yake na shimo la Bwaise havifai kuhukumiwa kwa hukumu moja. Na homa ya matumbo ya mwaka 2015, iliyoshukiwa kuwapata zaidi ya watu 10,000 mjini, ilitufundisha jambo lingine: wachunguzi walikuta uhusiano na maji ya kunywa yaliyofungwa katika mifuko ya plastiki na juisi za mitaani. Maji yale yalikuwa yamevaa sura ya usafi. Mwenzangu, nilipomhoji upya kwa ajili ya insha hii, alikiri kwamba maji ya chemchemi tuliyachemsha siku zote, na kwamba juisi ya tamarindi karibu na lango hakuichemsha.

Kwa nini basi hakuna anayetunza? Sheria ipo. Sheria ya Maji ya 1995 iliweka mikononi mwa serikali haki ya kuchunguza, kulinda na kusimamia maji yote ya nchi, ya juu na ya chini, na ikawaachia watu haki ya kutumia maji kwa mahitaji ya nyumbani. Kanuni za 1998 zinamtaka mwenye kisima kirefu cha pampu ya injini awe na kibali. Katiba ya mwaka huo huo wa 1995 inaviweka vinamasi chini ya amana ya serikali kwa niaba ya wananchi. Nchi nzima imegawanywa katika kanda nne za usimamizi wa maji, na wataalamu wetu wa maji ya ardhini ni wa kiwango cha juu, kwani sehemu kubwa ya vijiji vya Uganda inaishi kwa visima virefu. Mjini ndiko kuna pengo. Shirika la maji lina wajibu juu ya bomba na mita. Jiji lina wajibu juu ya usafi. Idara ya serikali ina wajibu juu ya vibali. Chemchemi haina mita, haina pampu, haihitaji kibali, na imo ndani ya hati ya mailo ya mtu. Kwa hiyo iko mikononi mwa wote watatu na haiko mikononi mwa yeyote. Ukuta wetu ulijengwa na mradi fulani ambao jina lake limefutika kwenye zege, ukaondoka kama miradi inavyoondoka.

Rafiki mmoja katika semina alinipinga: je, unataka maskini waendelee kunywa maji machafu ili wewe upate insha? Swali lake ni la haki. Sijasema bomba lisiende Kikoni au Bwaise. Liende, na bei ya kioski iwe chini ya bei ya mchuuzi. Ninachosema ni kwamba watu wananywa maji ya kilima leo, wameyanywa kila bomba liliposhindwa, mwaka 1979, mwaka 1985, na siku zile nne za muhula wangu, na mpango unaoyahesabu kuwa hayapo hauwazuii kuyanywa. Unawazuia tu kuyapata yakiwa safi. Na maji hayo yana matumizi mengine: kufua, kuogesha, kufyatua matofali, kuosha boda boda. Kila jerikeni ya chemchemi inayofua nguo ni jerikeni ya Katosi ambayo haikupampiwa kilomita zote zile. Wenzetu wa Dar es Salaam walilazimika kujifunza hili kwa haraka katika ukame wa 1997, walipochimba visima kila mtaa baada ya Ruvu kupungua.

Mwezi uliopita nilishuka tena. Juu ya chemchemi, pale palipokuwa na migomba, mwenye ardhi ameanza kujenga hosteli ya wanafunzi ya ghorofa nne, na shimo la majitaka limechimbwa hatua kama ishirini nyuma ya ukuta. Nilizihesabu hatua hizo mara mbili. Fundi aliniambia kwa adabu kwamba chemchemi nayo itafunikwa kwa zege mara ukuta wa chini utakapofika, ili gari liweze kugeuka. Nilimuuliza Jjajja kama amepeleka malalamiko. Amekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, ambaye alimwambia aende jijini. Jijini akaambiwa alete hati ya ardhi. Hana hati. Ana ufagio, na daftari la shule ambamo mjukuu wake humwandikia majina ya nyumba zinazochangia shilingi mia tano kwa mwezi kwa ajili ya saruji ya kuziba ule ufa. Aliniomba niliangalie kama hesabu ziko sawa. Nyumba 41, na wa mwisho kuandikwa alikuwa mchuuzi yule wa Kongo. Niliongeza ya 42, nikajaza jerikeni yangu nikapanda nayo.